Jua la Los Santos na macho ya Ticha

Najua wengine mlitegemea niendelee na ile mada ya bumu, lakini bumu lenyewe liliingia Jumatatu na kufikia Ijumaa lilikuwa limeshakuwa historia, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Leo naandika kuhusu mwanga. Si ule wa umeme, huo tumeshauzoea na visa vyake. Naongelea mwanga wa ndani ya gemu: unavyoweza kuufungua, ukausoma kama jedwali la takwimu, na ukaubadilisha kwa mkono wako mwenyewe. Na nitawaambia kwa nini kazi hiyo ilitukesha wiki mbili pale chumbani.

Gemu yenyewe ni GTA San Andreas. Sidhani kama kuna bweni la wavulana ambalo halijawahi kuwa nayo. Ilitoka Oktoba 2004 kwenye PlayStation 2, na Juni 2005 ikaja ya kompyuta. Kuna watoto wa mwaka wa kwanza humu chuoni ambao gemu hii imewazidi umri, lakini bado wanaicheza, kwa sababu moja kubwa: haichagui kompyuta. Laptopu yetu feni yake inalia kama mashine ya kusaga, betri inakaa dakika ishirini, na bado CJ anakimbia mitaani bila kukwama.

Sababu ya pili ni kwamba gemu hii inafunguka. Ukiingia kwenye folda yake kuna folda nyingine inaitwa data, na humo ndani kuna mafaili ya maandishi ya kawaida tu, unayafungua kwa Notepad kama unavyofungua orodha ya vitu vya kununua sokoni. Mwendo wa magari umo humo, silaha zimo humo, na mwanga umo humo. Faili la mwanga linaitwa timecyc.dat.

Siku ya kwanza ukilifungua utatamani kulifunga haraka. Ni bahari ya namba. Lakini kama umepita kwenye somo la takwimu na ukatoka mzima, tulia, utaelewa. Faili limegawanywa kwa hali za hewa, jumla 23. Majina yake yanachekesha kidogo, maana miji ya ndani ya gemu ni ya kubuni (Los Santos, San Fierro, Las Venturas), lakini humu kwenye faili watengenezaji hawakujificha: wameandika LA, SF na VEGAS. Kuna EXTRASUNNY_LA, kuna FOGGY_SF, kuna SANDSTORM_DESERT, mpaka chini ya maji kuna hali yake.

Kila hali ina mistari 8, na hapo ndipo mimi mtu wa jiografia nilipokaa vizuri kwenye kiti. Kwa saa zetu ni hivi: saa 6 usiku, saa 11 alfajiri, saa 12 asubuhi, saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 1 usiku, saa 2 usiku na saa 4 usiku. Basi. Hakuna saa 3 asubuhi wala saa 9 alasiri. Gemu inachukua mstari wa saa 1 asubuhi na wa saa 6 mchana, halafu inajaza yenyewe yaliyo katikati, polepole, kama unavyochanganya maziwa kwenye chai. Ukiangalia vizuri utaona jamaa walitumia akili: mistari imebanana alfajiri na jioni, kwa sababu hapo ndipo mwanga unabadilika haraka. Mchana jua halina habari, kwa hiyo mstari mmoja unatosha. Na kumbuka siku nzima ya San Andreas inaisha kwa dakika 24 za kwetu, saa yao moja ni dakika yetu moja.

Kitu kingine: saa 1 usiku kule bado kuna mwanga. Huku Dar saa hiyo popo wameshaanza kazi. Si kosa la gemu. Los Angeles iko nyuzi 34 kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo wakati wa kiangazi siku zao zinarefuka, wakati sisi tulio karibu na nyuzi 7 kusini tunapata mchana wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Kuna watu wamesoma mada hiyo kidato cha nne wakaikariri bila kuielewa, na kumbe wameicheza miaka yote.

Sasa ndani ya kila mstari kuna namba zaidi ya arobaini. Nyingi zinakwenda tatu tatu, nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 mpaka 255. Kwa nini 255? Kwa sababu kila rangi imepewa biti nane, na mbili kwa kipeo cha nane ni 256, ukihesabu na sifuri. Tatu za kwanza zimeandikwa Amb, huo ni mwanga wa jumla unaozunguka mandhari, ule unaokufanya uone chini ya mwembe ingawa jua halikupigi. Tatu zinazofuata ni Amb_Obj, mwanga huohuo lakini wa watu na magari. Halafu Dir, mwanga unaotoka upande mmoja kama wa jua. Halafu rangi ya anga juu na chini, rangi ya jua, rangi ya duara linalong'aa kulizunguka, ukubwa wa jua (SunSz), ukubwa na ukali wa taa (SprSz na SprBght), vivuli, mwisho wa upeo (FarClp), na mahali ukungu unapoanzia (FogSt). Karibu na mwisho kuna namba za kichujio cha rangi, yaani ile miwani ya rangi ambayo gemu inakuvalisha bila kukuuliza.

Hiyo ndiyo nadharia. Sasa nije kwenye kilichotuingiza humo.

Pale chumbani tuko wanne kwenye karatasi na sita kwa uhalisia, mambo ya kubebana mnayajua. Mmoja wetu tunamwita Ticha. Ni kweli sote tunasomea ualimu, lakini yeye jina lilimkaa tangu mwaka wa kwanza kwa sababu akikueleza kitu, kinaeleweka. Ticha ana ualbino. Nimemwomba ruhusa kuandika hili na amenipa kwa sharti kwamba nisimwandike kama mtu wa kuonewa huruma, "maana wa kuhurumiwa hapa ni wewe, GPA yako naijua." Haya, sharti nimelipokea.

Ukitaja ualbino watu wanafikiria ngozi, kofia pana na mafuta ya kuzuia jua. Macho hawayafikirii. Melanini ikipungua kwenye ile sehemu yenye rangi ya jicho, mwanga unapenya kila upande kama jua kwenye pazia jepesi, na unaumiza. Halafu katikati ya retina, pale tunapotumia kusoma na kutambua sura za watu, hapakomai sawasawa, kwa hiyo miwani inasaidia lakini haimalizi kazi. Na macho yenyewe yanatikisika kidogo bila mtu kutaka. Kwa hiyo Ticha ana mambo mawili kwa pamoja: mwanga mkali unamwumiza, na vitu vidogo vya mbali vinampotea.

Kanuni ya chumba chetu ni kwamba ukifa au ukikamatwa na polisi, unapisha mwenzako. Zamu ya Ticha ilikuwa inaisha kabla ya tangazo la redioni kwisha. Baadaye akawa hachukui zamu kabisa. Unampa laptopu, anakwambia, "Chezeni, mimi nasoma hapa." Lakini alikuwa anaifuata gemu kwa masikio. Gari likipita bado halijaonekana, yeye ameshalitaja jina kwa mlio. Helikopta ya polisi anaisikia kabla yetu. Mtu anayejua gemu kiasi hicho halafu haichezi, ujue kuna kitu kinamzuia, na kitu hicho si uvivu.

Usiku mmoja aliamua kusema. "Tatizo langu siyo gemu. Tatizo ni jua lao." Akatuhesabia kwa vidole kama yuko mbele ya darasa. Kwanza, jioni ukiendesha kuelekea magharibi, lile jua na duara lake vinameza barabara yote, kwake inakuwa karatasi nyeupe. Pili, ile rangi ya chungwa ya Los Santos inafanya kila kitu kiwe cha aina moja. Watu wa Grove wanavaa kijani, Ballas wanavaa zambarau, na Vagos wanavaa njano. Gemu nzima imejengwa juu ya kujua nani ni nani kwa rangi ya nguo. "Sasa mimi," alisema, "jioni wote wananijia kama chapati." Tatu, usiku taa za barabarani na za magari zina mviringo mkubwa wa mwanga, na yeye anaona mviringo tu, gari halioni.

Habari ikasambaa mpaka chumba cha pili, wataalamu wakaja. Ushauri wao wote ulikuwa mmoja: ongeza mwanga! Ndivyo watu wengi wanavyofikiri, kwamba asiyeona vizuri dawa yake ni mwanga zaidi. Ticha akawaambia wajaribu. Wakapandisha mwanga kwenye menyu mpaka mwisho, na ikawa vilevile, au mbaya zaidi.

Sababu yake ni rahisi na inafaa kuandikwa kwenye daftari. Ukipandisha mwanga wa jumla, giza linapanda na kuwa kijivu. Lakini cheupe hakina pa kwenda, kilishafika 255 na hapo ndipo dari. Kwa hiyo umbali kati ya giza na weupe unapungua. Picha nzima inang'aa lakini vitu vinaungana. Jicho halisomi mwanga wenyewe, linasoma tofauti kati ya hiki na kile. Ndiyo maana unaisoma chaki nyeupe kwenye ubao mweusi, na huisomi chaki nyeupe kwenye ukuta uliopakwa chokaa hata uwashe taa kumi. Alichohitaji Ticha ni jua dogo zaidi, taa za adabu, na rangi zilizotengana. Menyu ya gemu haina vitufe hivyo. Faili la timecyc.dat linavyo.

Tukaanza kazi. Kwanza tulinakili faili la asili tukaliweka pembeni, na tukaweka Mod Loader, programu inayosoma faili lako jipya kwenye folda yake bila kugusa lile la zamani. Ikikuchosha unatoa folda, gemu inarudi kama ilivyozaliwa. Anayetaka kujaribu asiruke hatua hiyo.

Ticha ndiye aliyesimamia utaratibu, na alitufanyia kama tuko kwenye somo la mbinu za utafiti. Kitu kimoja kinabadilishwa kwa wakati mmoja. Tunaandika namba ya zamani, namba mpya, saa ya ndani ya gemu, na mahali tuliposimama. Faili linasomwa gemu inapowaka, kwa hiyo kila badiliko maana yake ni kufunga gemu, kuhifadhi, kuwasha tena, kusubiri, kusimama palepale Grove Street, kuangalia. Kwa laptopu yetu hiyo ni kama dakika tano kwa kila namba. Umeme ukikatika, mnaahirisha. Sasa mnaelewa kwa nini nimesema wiki mbili.

Tulichokuja kukubaliana ni hiki, kwa anayetaka kufuata:

1. Ukubwa wa jua (SunSz) nusu ya ule wa asili, na rangi za duara lake tukazishusha ziwe hafifu. Jua bado lipo, unaliona likizama, lakini halikuchomi.

2. Taa za usiku: ukubwa (SprSz) nusu, ukali (SprBght) theluthi mbili. Gari likaanza kuonekana nyuma ya taa zake.

3. Kichujio cha rangi kwenye hali zote za LA tukakipunguza mpaka kama robo ya nguvu yake. Hapo kijani kikawa kijani na zambarau ikawa zambarau.

4. Amb tuliiacha kama ilivyo, tukapandisha Amb_Obj tu, kama 30 hivi kwa kila rangi. Huo ndio ujanja ninaoupenda kuliko yote. Mandhari inabaki na giza lake, lakini watu na magari wanachomoza mbele yake kidogo, kama mtu aliyesimama karibu na dirisha.

5. Ukungu tukausogeza mbali kiasi, si kuuondoa.

Namba nne ina mipaka yake, niseme ukweli. Nyumba na barabara za gemu hii zina mwanga uliopakwa juu yake kabisa na mafundi, rangi za mchana na rangi za usiku kila moja peke yake. Kwa hiyo timecyc.dat siyo mungu wa kila kitu. Kuna vichochoro utapandisha namba mpaka uchoke na vitabaki vyeusi, kwa sababu weusi umepakwa ukutani.

Mtihani wa mwisho tuliuweka kwenye ile misheni ya treni, Wrong Side of the Tracks. Mnaoijua mmeshaanza kuguna. CJ anaendesha pikipiki kando ya treni, Big Smoke yuko nyuma amebeba bunduki, na juu ya mabehewa kuna Vagos. Wewe kazi yako ni kuendesha tu: usiwe mbali Smoke akashindwa kuwapata, usigongwe na treni inayotoka mbele, usianguke. Ni misheni ambayo imevunja urafiki wa watu. Sasa fikiria Vagos wa njano, kwenye hewa ya rangi ya chungwa, na reli inayong'aa, kwa macho ya Ticha. Alikuwa hajawahi kuipita hata siku moja, na alikuwa hajawahi kuwaona wale jamaa juu ya treni. Alijua wapo kwa sababu sisi tulikuwa tunapiga kelele.

Siku hiyo aliweka laptopu karibu kabisa na uso, kama anavyosoma kitabu, akatuambia neno moja: kimya. Mara ya kwanza aligongwa. Mara ya pili alikaa mbali mno, treni ikaondoka. Mara ya tatu treni ya mbele ilipotokea, kabla yeyote hajapumua, Ticha alishapinda pembeni. Hakuna aliyemwambia. Aliiona. Na wale wa njano wakawa wanaanguka mmoja mmoja, naye anawahesabu kwa sauti, "huyo, huyo, na huyo." Misheni ikapita. Kelele zilizopigwa zilimleta mlinzi wa bweni ghorofani.

Mngefikiri hadithi imeishia hapo, lakini kesho yake likazuka zogo lingine. Mmoja wetu, shabiki wa gemu hii tangu shule ya msingi, aliwasha, akaangalia anga, akasema tumeiua Los Santos. Kwake ile rangi ya chungwa ndiyo gemu yenyewe. Ukiiondoa, umebaki na mji wowote tu.

Na ana hoja, tusimcheke. Hadithi ya San Andreas inatokea 1992, na Los Angeles ya miaka hiyo ilikuwa na moshi kweli. Mji uko kwenye bonde, bahari upande mmoja na milima upande mwingine. Hewa ya joto inakaa juu kama mfuniko wa sufuria, hewa ya baridi ya baharini inabanwa chini, na moshi wa magari unakosa pa kutokea. Wale wa kidato cha sita, hiyo ndiyo inversheni ya joto, ije kwenye mtihani muikumbuke. Jua linapopiga moshi huo linazalisha ozoni na hewa inakuwa na rangi ya kahawia na chungwa. Wakazi walianza kuuona kwa kishindo Julai 1943, na ilikuwa mpaka miaka ya 1950 ndipo mwanakemia Arie Haagen-Smit alipoonyesha kwamba magari ndiyo yanayohusika sana. Kwa hiyo anga lile ni kumbukumbu ya mahali na wakati. Hata majina ya hali mbili kwenye faili yana neno SMOG ndani yake. Kinachonichekesha ni kwamba watu wa kule walihangaika miaka mingi kuuondoa moshi huo, na sisi huku tunagombana kwa sababu umeondolewa kwenye gemu.

Halafu jambo hili limeshatokea kwa ukubwa wake. Novemba 2021 Rockstar walitoa toleo jipya linaloitwa The Definitive Edition. Pamoja na matatizo mengine mengi, anga ilibadilika na ukungu wa mbali ukatoweka. Matokeo yake ukipanda juu kidogo unauona ulimwengu wote. San Andreas ni kama kilomita 6 kwa 6, eneo dogo kuliko wilaya yoyote ya Dar es Salaam. Kwenye PlayStation 2 yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 ukungu ulikuwa unaficha umaskini wa mashine, lakini ulikuwa pia unakudanganya kwamba nchi ni kubwa, kwamba Las Venturas iko mbali huko. Ukauondoa, nchi ikawa uwanja wa mpira. Watu walilalamika mpaka kampuni ikaomba radhi na kuyarudisha matoleo ya zamani sokoni. Kwenye toleo la simu la Netflix, Desemba 2023, wakaweka chaguo la mwanga wa zamani, na Novemba 2024 chaguo hilo likafika kwenye kompyuta na mashine nyingine. Yaani ilichukua miaka mitatu kuwarudishia watu anga lao.

Ndiyo maana namba tano hapo juu nimesema kusogeza, si kuondoa. Na ndiyo maana nilipenda neno moja kwenye habari hiyo: chaguo. Hawakulazimisha mmoja kushinda. Sisi nasi tukafanya hivyohivyo. Kuna folda mbili sasa, moja inaitwa ASILI, nyingine inaitwa TICHA. Anayecheza anachagua. Shabiki wetu ana machweo yake ya chungwa, Ticha ana barabara yake.

Mmoja wa chumba cha pili aliuliza kama siyo wizi, kwamba Ticha anaona zaidi kuliko gemu ilivyokusudia. Swali zuri. Ukiwa unashindana na watu mtandaoni halafu unafuta ukungu ili uwaone wao hawakuoni, huo ni wizi na sitautetea. Lakini hapa CJ anashindana na treni. Na Ticha mwenyewe alijibu vizuri kuliko mimi: "Miwani yako ukivaa kwenye mtihani, nani amewahi kukwambia unaiba?" Jamaa anavaa miwani. Akanyamaza.

Kitu ambacho hatukukitegemea ni kwamba folda ya TICHA ndiyo inayotumika zaidi mchana. Dirisha letu linaangalia magharibi, jua la alasiri linapiga kwenye skrini, na kwa saa hizo ASILI haionekani vizuri kwa mtu yeyote. Tulikuwa tunaning'iniza shuka dirishani. Sasa tunabadilisha folda. Shabiki naye nimemkuta saa 10 jioni yuko ndani ya TICHA, akasema anajaribu tu.

Tunaenda mafunzo ya ualimu kwa vitendo muhula ukiisha, na hili limenikaa kichwani kuliko mihadhara kadhaa niliyosaini mahudhurio. Ticha ametusimulia kwamba shule moja aliyosoma, kila mwalimu mpya aliyeambiwa kwamba haoni vizuri alimfanyia jambo lilelile: alimhamishia kiti cha mbele karibu na dirisha, apate mwanga. Kwa nia njema kabisa. Jua likawa linampiga usoni mpaka mchana, na ubao unang'aa kama bati. Alichohitaji ni kiti cha mbele upande wenye kivuli, ubao usiorudisha mwanga, na mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika. Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti. Ila kuna mtu alitakiwa amwulize, "Wewe unaona nini?" na miaka mingi hakuna aliyemwuliza.

Sisi tulimwuliza kwa sababu ya gemu, ndiyo hali halisi. Akatujibu kwa vidole vitatu, na vyote vitatu vilikuwa na namba yake kwenye faili.

Darasani hakuna timecyc.dat. Kuna dirisha, pazia, chaki na sauti yako. Nimeandika kwenye daftari langu la maandalio, ukurasa wa kwanza kabla ya malengo mahususi: angalia jua linaingilia wapi. Ticha amesoma akaongeza kwa kalamu nyekundu, kama mkaguzi: "Halafu uliza."

Haya wadau, kesho nina semina saa 2 asubuhi na sijasoma hata ukurasa. Anayetaka folda aje na flashi, ila aikague virusi kwanza, na zamu ya kucheza asiiulize. Ticha yuko Las Venturas tangu jana na hajafa bado.